Mwalimu Ruth Sumari, Aliyeuliza Nani Kasema

Baba Mchungaji, wazee wa ukoo wa Sumari, wakwe zetu wa Olmotonyi, majirani wa Kijenge na nyote mliotufuta machozi tangu Jumanne, mimi ni Prosper, mdogo wake marehemu, na nimepewa kazi ya kusoma historia yake, kazi ngumu kweli, maana mwenye historia hakupenda hata kidogo maneno yasiyo na mwenyewe.

Ruth Elinipa Sumari alizaliwa hapa Akheri tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza kati ya watano, na tarehe hiyo nimeitoa kwenye kitabu cha ubatizo, siyo kwenye lile tangazo linalozunguka kwenye simu zenu, ambalo limemwongezea miaka mitatu, jamani, mwanamke hata akifa asizeeshwe. Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia 1969 hadi 1975, akaendelea na sekondari mjini Moshi hadi 1979, akasomea ukutubi, na mwaka 1983 akaajiriwa katika maktaba ya chuo kimoja hapa Arusha hadi alipostaafu Machi 2021, wote wakimwita Mwalimu, kwa sababu wanafunzi walipoanza kuokota kila kitu mtandaoni, ni yeye aliyewafundisha kuuliza kwanza nani ameandika, lini, amejuaje, na anapata faida gani tukimwamini.

Tarehe 17 Desemba 1988 alifunga ndoa na shemeji yetu Loishiye, aliyetutangulia mwaka 2015, wakajaliwa watoto wawili, Naserian na Lemburis, na hawa wanaijua adha ya kulelewa na mama ambaye ukimwambia mwalimu kasema kesho hakuna shule, anajifunga kitenge na kwenda kumuuliza mwalimu.

Baada ya kustaafu wanafunzi walimfuata nyumbani Kijenge, na mwaka 2022 akaja Lesian, kijana wa Mzee Sakaya wa Ngaramtoni, akiwa mwaka wa mwisho, na utafiti wake juu ya haya maji yetu yenye floraidi, yanayowatia watoto meno ya kahawia na kuwapinda miguu. Alikuwa ameandika kwamba maji yakichemshwa floraidi inatoka, akataja kurasa tano za mtandaoni kuwa ushahidi, na nani angembishia, wakati tangu utotoni tumeambiwa chemsha maji, tena kwao mama yake alikwishaanza kumchemshia kitindamimba wao Nasieku, wa mwaka mmoja, akiamini amemwokoa. Dada alizisoma zote tano, akakuta zinafanana neno kwa neno, hazina jina la mwandishi, na ile ya zamani kuliko zote ni ya muuza mabirika ya umeme, akamwambia Lesian kwamba hata kwenye kikao cha ukoo mashahidi watano waliosikia kwa mtu mmoja ni shahidi mmoja, na huyu ana birika la kuuza, hivyo apeleke maji ya kwao maabara, ya kabla na ya baada ya kuchemshwa.

Kijana alinuna, kazi ikachelewa, akakosa kuhitimu na wenzake, na Mzee Sakaya, ambaye yuko hapa na ameniruhusu kusema, alisimama na fimbo yake kwenye geti la dada akifoka kwamba mwanamke mstaafu anamzibia mwanawe riziki, dada akamkaribisha ndani, akampa chai, akamwomba asubiri majibu. Majibu yakaja, na maji yaliyochemshwa yalikuwa na floraidi nyingi zaidi, kwa kuwa maji hupungua sufuriani na floraidi hubaki, na mzee aliposomewa alilia mbele ya watu, akikikumbuka kikombe cha Nasieku. Tangu wiki ile mtoto akaanza kunywa maji ya mvua.

Februari 2024 dada aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akawa anasafishwa damu, na hata kitandani alimuuliza daktari kila analosema amelisoma wapi, naye daktari, Mungu ambariki, alikuwa akimletea asome. Alifariki Jumanne tarehe 11 Novemba 2025 alfajiri, na nimewasikia baadhi yenu mkisimulia maneno yake ya mwisho, lakini muuguzi Evaresta, aliyekuwa pembeni yake, anasema alikuwa usingizini na hakusema neno, basi naomba tusimtungie.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Kijenge mliopika na kuchota maji bila kuombwa, wafanyakazi wenzake wa maktaba, na Mzee Sakaya, aliyekuja na Nasieku. Mimi si daktari, siwezi kusema miguu ya mtoto huyu imenyooka kwa sababu ya dada yangu, mwenyewe angenikatiza aniulize nimejuaje, ila asubuhi hii Nasieku amepanda kilima hiki kutoka barabarani bila kubebwa, akaweka ua lake kwenye jeneza, akashuka mbio hata nguo ya kitenge ikamvuka begani.

Hilo nimeliona kwa macho yangu, dada Ruth, pumzika kwa amani.