Ukuta wa Chumba cha Kitinda

Sogeeni, wanangu, kaeni hapa kitandani wote wawili, mnisikilize nikiwa bado na pumzi. Nyumba ni yenu nusu kwa nusu, sanduku la vifaa ni la kaka mtu kwa sababu ndiye anayejua spana ipi ni ya kazi gani, na cherehani ya mama yenu ni ya Kitinda. Hayo yamekwisha. Linalonikaba roho ni jingine.

Kitinda, unakumbuka mama yako alivyokuamsha kwenda shule, akigonga ukuta mara tatu kutoka jikoni huku akikuita mvivu wa mwisho duniani? Mimi naikumbuka sauti ile kila siku, na ndala zake zikiburuzika sakafuni, na moyo unaniuma kama jana. Wiki mbili baada ya kumzika, ukuta uligonga tena alfajiri, mara tatu, wewe ukaja mbio kuniambia mama amerudi, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi ukala ukamaliza sahani.

Hakuwa mama. Maji yakianza kuingia tangini boya hutetemeka, na bomba lililolegea ndani ya ukuta hugonga. Nilifunga valvu, kukawa kimya, nikafungua, likagonga, nikarudia siku tatu, maana kwangu mimi kujua ni huko, kujaribu na kuwa tayari kuonekana umekosea. Miaka arobaini ya ufundi bomba nimebomoa kuta za watu walioniapia kwamba ndani yake mna jambo lisilo la dunia hii, na kila mara nilikuta kutu, au panya, au hewa tu. Sijakuta ulimwengu wa pili nyuma ya huu. Huu mmoja ndio uliokuwa na mama yenu ndani yake, na kwangu ulitosha.

Lakini nilinyamaza. Nawe kaka mtu uliposema ni bomba, nilikukaripia mezani mbele ya mdogo wako, nikakuita huna adabu, na tangu siku ile hamjazungumza vizuri. Ulisema kweli, baba, na mimi fundi mzima nilijua. Nisamehe. Niliogopa ataacha kula tena. Na niseme yote, hata mimi nilikuwa naamka mapema kuusikiliza.

Sasa barua ya chuo cha uuguzi imekuja mara ya tatu, nawe Kitinda unasema huwezi kumwacha mama peke yake. Nipeni maji kidogo... Asante. Kesho alfajiri kaka yako afunge valvu, msikilize pamoja, kisha alibane lile bomba, na wewe uijibu barua. Usiniamini mimi, sikiliza mwenyewe.

Nawatakia afya, na riziki ya kuwatosha, na mkae mkipendana... nimechoka, wanangu. Mkishanizika, ukuta ukigonga, msiseme ni baba. Bomba limelegea tena, likazeni.