Sega la Fuso Lililolishwa Uji

Nilikuwepo mwenyewe, sikusimuliwa. Anayebisha aulize benchi la kahawa la Mkuza nani alikalia ncha ya kushoto. Katikati yetu, juu ya gunia, lilikaa sega la ekzosi ya Fuso ya Khalfani, dereva tunayemwita Tani Saba: dude la udongo wa kuchomwa, vitundu vitupu, la kudaka masizi ya dizeli. Lilikuwa na ufa. Seifu fundi alishamshauri auvunje udongo wote, arudishe kopo lake la chuma likiwa tupu, gari livute. Tani Saba akagoma. Kila alfajiri hupasha injini chini ya dirisha la mkewe Hajira, na Hajira ana pumu.

Mzee Mwinyijuma, muuza kahawa, akaligonga kwa ukucha.

— Chungu kizima hulia ngee. Hiki kinasema dwa. Marehemu.

— Mzee, hicho kinakaa motoni kila siku! akasema Seifu. Kilichokiua ni mashimo ya barabara ya Zegereni.

— Mimi niliona moja likikanyagwa na katapila, nikasema. Likacheka tu.

— Wewe una uongo mpaka kwenye kope!

— Ufa si shida, akanong'ona Tani Saba. Nimeshalitibu.

— Kwa dawa gani?

— Nimelipikia uji. Si ndivyo chungu kipya kinavyofanywa kisivuje? Mama yangu kule Kisarawe alifanya hivyo.

Seifu akashika kichwa.

— Umelilisha uji?

— Mzito. Umeingia kila tundu.

— Hapo umepatia, akasema mzee. Ungetia na nazi, likawa saruji.

— Hilo sasa, nikadakia, likiporomoka vilima vya Pugu litafika chini linaomba sahani!

Tukiwa tunacheka, Hajira akafika, ufagio wa chelewa mkononi.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba, mwanangu.

Akainama, akachungulia sega.

— Baba Swaumu, matundu yote yameziba. Sasa moshi utapita wapi?

Seifu akatazama spana yake. Mzee akainamisha birika. Likatoa tone moja, basi.

Tani Saba akafuta macho. Moshi wa jiko la kahawa ulikuwa mkali.

— Nilitaka usikohoe, mama Swaumu.

Hajira akajibana kando yake, akachomoa chelewa mbili, akampa moja.

— Anza upande huo. Mpaka lizibuke, gari utalipashia kule barabarani.

Wakazibua, tundu kwa tundu, mabega yamegusana.

Yote haya ni kweli tupu, hata katapila. Ila moshi wa jiko nimeutunga mimi. Jiko la mzee lilikuwa limezimika zamani.