Mama Giza na Siku Mtaa Uliponyamaza

Ndugu waombolezaji, mimi ni mtoto wa mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya mama yetu mkubwa, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Giza, jina mlilompa wenyewe, naye akaliitikia.

Alizaliwa tarehe 14 Aprili 1957 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akasoma shule ya msingi ya hapa mtaani hadi mwaka 1971, akajifunza ushonaji, na mwaka 1976 akaajiriwa katika kiwanda cha sare za shule, alikofanya kazi mpaka alipostaafu mapema. Mwaka 1980 alifunga ndoa na fundi mwashi, mzee huyu aliyekaa hapa mbele, wakajaliwa mabinti wawili na mtoto wa kiume, ambao hawajasahau kwamba nyumbani kwao hakuna aliyethubutu kupiga pasi shati moja peke yake, wala kubandika maharage ambayo hayakulowekwa.

Alipostaafu aliungana na kina mama wa kujitolea wanaohimiza kubana matumizi ya umeme, wakapita nyumba kwa nyumba wakihimiza watu wafunike sufuria na wachomoe kisichotumika, na shukrani waliyopata ilikuwa kuchekwa, maana watoto wakiwaona walipiga kelele, "Zimeni taa, Mama Giza huyo!" naye akicheka kuliko wao na kuingia ndani vilevile.

Ndipo ikaja tarehe 9 Februari 2012, asubuhi ya joto kali, umeme ukiwa mdogo mtaa mzima, jenereta ya zahanati mbovu, gari la wagonjwa bado liko njiani, na mashine iliyomsaidia kupumua kichanga aliyezaliwa kabla ya wakati ikawa inazimika na kuwaka. Muuguzi alitoka mbio, hakwenda kwa mkubwa yeyote, alikwenda kwa Mama Giza. Yeye na wenzake wakagawana vichochoro, kuomba kila kitu kizimwe ili umeme uitoshe zahanati. Mwenye mashine ya kusaga, akiwa na foleni hadi barabarani, alimwambia, "Mama, leo sina nafasi ya mafunzo," naye akamjibu, "Sijaja kufundisha, mwanangu. Kuna mtoto anakosa pumzi." Yule bwana akashusha swichi pale pale. Akafuata fundi wa kuchomelea, akafuata kinyozi aliyemwacha mteja kanyolewa upande mmoja, zikazimwa pasi, majiko na friji, mpaka mtaa usiojua kunyamaza ukanyamaza, nasi tukatoka milangoni tukasimama bila kuambiwa, tukisikia kuku wakiparura, na sijapata tena kuwaona watu wetu wakiwa wakubwa kiasi kile. Gari lilipofika, mtoto alikuwa anapumua.

Mwaka jana alianza kuugua moyo, akalazwa, na siku moja mumewe alipolia kando ya kitanda alimwambia, "Futa machozi, baba watoto. Umekula lakini?" Alifariki Jumapili, tarehe 3 Machi 2024, alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliolala nasi chini, wenzake wa kiwandani, na kina mama wa kujitolea, ambao jana, macho yamevimba kwa kulia, walikwenda kumalizia nyumba zilizobaki katika zamu yake.

Mama mkubwa, pumzika sasa. Nyumba zako zote zimefikiwa.