Mlango Mmoja wa Bweni

Fundi cherehani mmoja, mama wa makamo, alikaa kiti cha nyuma kwenye basi la asubuhi, lakini masikio yake yalikuwa kiti cha mbele. Hapo binti aliyehitimu usanifu majengo mwaka jana alikuwa akimmwagia ya moyoni mchomeleaji vyuma aliyeketi naye, mtu ambaye hata hakumjua.

"Chuoni nilichora bweni la ghorofa lenye ngazi mbili za kushukia, nikasifiwa sana," alisema. "Kazini nikachora hivyohivyo, bosi akafuta ngazi moja ili vitanda viongezeke. Nami nikatia sahihi. Leo wasichana sitini wanahamia, na ngazi ni moja, mlango mmoja. Moto ukizukia ngazini je?"

"Ungekataa, mwanangu."

"Kazi yenyewe ndiyo ya kwanza, baba. Ningekataa kwa mdomo upi?" alisema binti. "Najipa moyo kwamba wataruka madirishani. Si juu sana."

Mchomeleaji alimgeukia. "Ni lile la kijani, nyuma ya kiwanda cha sabuni?"

"Ndilo. Umelijuaje?"

"Madirisha yake nimeyatia vyuma mimi, wiki iliyopita. Hata paka hapenyi."

Yule mama wa kiti cha nyuma aliinama mbele asikie zaidi. Kituo chake kilikuwa kimeshapita, wala hakujali.

"Vikate," binti alinong'ona.

"Bila ruhusa? Wataniita mwizi. Mwambie bosi wako kwanza."

"Atanifukuza."

"Na mimi je, nifungwe?"

Basi likasimama. Kondakta akagonga bati: "Wa kiwandani, shukeni!" Hakuna aliyenyanyuka. Nje, wasichana walikuwa wakipita na magodoro kichwani kuelekea jengo la kijani, wakicheka.