Vidole vya Mama Anastasie

Ndani ya taksi ya kutoka Marabo kwenda Bunia, mama Anastasie alificha vidole vyake vilivyovimba ndani ya kitenge. Muuza ng'ombe aliyekaa kando yake alikwisha kuviona.

"Mama, iko rimatisme, ile ugonjwa ya viungo?"

"Ile ya mwili kujipiga yenyewe."

"Sawa vile siye hapa Ituri."

Mama Anastasie hakucheka. "Dokta alikuta vitamini D iko kidogo sana. Tangu tukimbie vita ya Djugu, ninashindaka ndani ya nyumba. Sasa ninaota jua kila asubuhi. Kidonge ya rimatisme nimeacha."

"Dokta ndiye alisema uache?"

"Alisema jua inasaidia."

"Kusaidia si kuponyesha, mama! Ng'ombe yangu inashindaka kwa jua, na inagonjwaka."

"Papa, basi mimi niko ng'ombe, weye?"

Abiria wakacheka. Siku hizi watu wa makabila yao mawili, yaliyouana miaka mingi, wakigombana kwa maneno tu, gari zima hushukuru.

Gari likasimama kwenye kizuizi cha askari. Kama ilivyo desturi, wote walishuka wavuke kwa miguu, kila mtu aonyeshe kadi yake ya utambulisho. Jua lilikuwa la saa sita. Anastasie alijaribu kuchomoa kadi yake kwenye kitenge mara mbili, mara tatu. Vidole vilikataa kukunjika. Askari alinyoosha mkono akingoja. Muuza ng'ombe, aliyekuwa nyuma yake, akamchomolea kadi na kumpa askari.