Barua Iliyokatwa Kabla ya Kusomwa

Benchi la kijiweni lilikuwa na miguu mitatu na tofali moja, limebanwa kati ya kiti cha kinyozi na jiko la mama muuza kahawa. Wenyeji walijua upande wa kukaa. Asubuhi ile Mwalimu alijisahau, akakaa upande wa tofali, benchi likayumba, kahawa ikammwagikia gotini. Mkononi alikuwa na bahasha, na saa nne baba wa mwanafunzi wake angekuja kuichukua.

— Hebu rudia, Mwalimu, alisema kinyozi. Uliwaambia watoto wafanye nini hasa?

— Waje na karatasi yoyote ya nyumbani yenye maandishi. Waikate mstari mmoja mmoja, wachanganye, wapange upya, watoe hadithi. Ni njia mpya ya kufundisha utunzi.

— Bila kusoma kwanza?

— Ndilo sharti lenyewe. Ukisoma kwanza, akili inarudi njia ile ile ya zamani.

— Hayo umejifunza wapi?

— Semina. Siku mbili.

Mama muuza kahawa akaguna. — Siku mbili. Mimi kahawa hii nilifundishwa mwaka mzima.

Binti mmoja darasani alikuwa amebeba bahasha iliyofungwa, kaitoa kabatini kwa baba yake. Alipomaliza kukata ndipo akatambua mwandiko: wa mama yake, aliyeondoka nyumbani wiki tatu nyuma na simu haipatikani. Barua ilikuwa imeandikwa kwa baba, na baba hakuwa ameifungua. Mwalimu alikuwa ameshamwandikia “Hongera, umethubutu” kwa wino mwekundu, kabla hajaona kuwa mtoto analia.

Fundi viatu, aliyekaa kando ya benchi, akakohoa. Walimwita Wakili, kwa kuwa hajawahi kushindwa kesi pale kijiweni, wala kufika mahakamani.

— Kisheria huna kosa. Barua ni mali ya aliyeiandika. Huyo baba hana hoja.

— Hatafuti hoja, Wakili. Anamtafuta mkewe.

— Basi nunua gundi. Haba na haba hujaza kibaba.

— Gundi ninayo. Sijui nianze na kipi.

Mwalimu akavitandaza vipande vitano kwenye benchi. *Baba watoto, nimechoka. Nakwenda, na sirudi. Nimefikiria tena. Nitarudi shule zikifungwa. Usinitafute.*

Kinyozi akapitisha kidole juu ya vitatu vya katikati.

— Rahisi. “Nakwenda, na sirudi. Nimefikiria tena. Nitarudi shule zikifungwa.” Mama huyo anakuja.

Wakili akavigeuza.

— “Nitarudi shule zikifungwa. Nimefikiria tena. Nakwenda, na sirudi.” Haji.

— Tazama wino, alisema kinyozi. Huu wa “nitarudi” umefifia. Kalamu huchoka mwishoni.

— Mwenye hasira hukandamiza mwishoni. Mke wangu akiandika vya sokoni, akifika kwenye chumvi karatasi imeshatoboka.

— Wakili, mimi nikiokota unywele sakafuni nakwambia ni wa kichwa cha nani, na ni wa kisogoni au wa utosini. Nitashindwa barua?

— Urudishe kichwani basi, alisema mama muuza kahawa.

Mwalimu alikuwa amevipanga tangu alfajiri, na kila alivyopanga ilikuwa barua kamili. Darasani hilo ndilo alilolisifia.

— Haraka haraka haina baraka, alinong'ona Wakili. Kwa hiyo kimbia, Mwalimu, yule anakuja.

Baba alifika na ovaroli ya kupaka rangi, vidole vyeupe kwa chokaa. Akasalimia wote, akainama juu ya benchi, akasoma taratibu, midomo ikicheza.

— Ndugu, alianza kinyozi, sisi tunaona...

— Mwache asome, alisema mama muuza kahawa.

Baba akarudia kusoma.

— Niwie radhi, mzazi, alisema Mwalimu. Nimekosa. Nilidhani ni karatasi tu.

— Mimi ndiye niliyeiacha kabatini, Mwalimu. Niliogopa kuifungua. Nikasema nitaifungua nikipata moyo.

Akajipangusa vidole kwenye ovaroli, lakini hakugusa vipande.

— Shule zinafungwa Ijumaa. Sasa niambieni nyie mliosoma. Niende stendi kumpokea, au nisiende?

Wakili akatazama viatu vyake. Kinyozi akatazama ndani ya kikombe, na kilikuwa kitupu. Upepo ukapita, vipande vikaanza kuinuka. Wote wanne wakainama kwa pamoja, kila mmoja akaweka kidole juu ya kipande kilichokuwa mbele yake, na baba akaweka chake juu ya kilichobaki.