Magoti ya Malkia Avelina

Kivuko kilikuwa katikati ya mto Severn kengele za ng'ambo zilipoanza kumlilia Malkia Avelina. Muuza jibini aliyekaa mbele yangu akatema mate majini.

"Aende zake! Vita hivi kavileta yeye. Angemwacha mumewe amnyonge yule mpwa wake mapema, nani angekuwa anagombea taji leo?"

Jirani yake, mzee fundi wa kuezeka, akamgeukia. "Mama, ni desturi. Malkia akimpigia mfalme magoti, pekupeku, nywele wazi, hakataliwi."

"Desturi! Si angejifanya anaumwa siku hiyo?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, maana mbuzi wa mtu alikuwa anatafuna joho langu na nilihitaji cha kunifariji.

Mzee hakucheka. "Vijana waliokamatwa pamoja na huyo mpwa nao walisamehewa siku hiyo hiyo. Wana mama zao."

"Najua. Mmoja alikuwa Hamo wangu."

Kicheko kikakatika. Mzee akavua kofia. "Malkia kakurudishia mtoto, dada yangu, nawe unamtemea mate?"

"Kanirudishia, ndiyo. Kakaa nyumbani mwaka mmoja, kisha huyo, kamfuata mpwa vitani. Alikoangukia hakuna anayejua." Akafunika jibini lake. "Wangemnyonga siku ile, baba, leo ningekuwa na kaburi la kulilia."

Mzee akafungua kinywa amjibu, lakini kivuko kikagonga ukingo, wote tukasimama. Soko lilikuwa kushoto. Yule mama akajitwika kapu, akashika njia ya kulia, kule kengele zilikokuwa zikilia.